Ubavu wa Kulia wa Gustave

Gustave Paluku alikuwa fundi wa friji, na kazi ya friji ni kazi ya magoti. Kila kitu cha maana kwenye friji kiko chini na nyuma, penye vumbi na mende, na fundi asiyetaka kuinama afadhali akauze maandazi. Kwa miaka mingi aliinama mjini Johannesburg bila kufikiri: kwenye spaza za Alexandra, vile viduka vya mtaani vinavyouza mkate na soda, kwenye bucha za Jeppestown, kwenye maghorofa ya Hillbrow ambako lifti ilikufa zamani na kompresa hupandishwa begani. Kisha, mwaka 2017, akaanza kuinama akiwa na bastola kiunoni, na siku ya kwanza tu kitako cha chuma kile kilimchoma mbavu hadi akamwita mama yake, aliyeko Butembo, kule Kongo.

Nikuambie mapema, usije ukakaa ukingoja mlio: hapa hakuna risasi itakayolia. Kilichoponea chupuchupu katika mambo haya ni urafiki.

Bastola yenyewe Gustave hakuitafuta kwa sifa. Mwaka uliotangulia, vijana watatu walimzuia Alexandra mchana kweupe, wakachukua pikapu, vifaa na simu, na alipokwisha kuwapa funguo mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki juu ya sikio, bure tu. Thérèse, mke wake, alipoliona shati lenye damu hakulia. Alikaa kitandani akasema hawezi kumlea Chloé, binti yao, peke yake katika mji huu. Maneno hayo yalimuuma Gustave kuliko sikio. Kwa kuwa serikali ilikuwa imekwisha kumpa ukaazi wa kudumu, sheria ilimruhusu kuomba kibali cha bastola. Akasoma, akafanya mtihani, akahojiwa na polisi, akafunga sefu ya chuma ndani ya kabati, akangoja hadi akakata tamaa, ndipo wakamwita.

Mwalimu wake wa shabaha, mama mmoja aliyestaafu upolisi, alimwachia maagizo mawili. La kwanza: beba kila siku au usibebe kabisa, maana anayebeba leo na kesho akaacha ndiye anayesahau alikoiweka, na anayeiokota ni mtoto. La pili: ifunike, na asijue mtu. Gustave ni mtu wa kutii. Aliyachukua maagizo yote mawili kama yalivyo, na la pili akalizidishia chumvi mwenyewe.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kuchekesha kwa yeyote asiyekuwa yeye. Aliona kama Hillbrow nzima inamtazama kiuno. Kila akisimama kwenye robot kungoja taa iwe kijani, mkono ulikwenda wenyewe kuvuta shati chini. Joto la Januari alilipokea kwa koti. Siku moja dukani askari wa mlangoni alimfuata kutoka rafu ya sabuni hadi ya mchele, si kwa kuona bastola, bali kwa kuona jinsi anavyojipapasa. Aliporudi nyumbani akamsimulia Thérèse, mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, akamwambia anajishika kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika. Jioni zile alifanya mazoezi sebuleni, bastola ikiwa tupu: kuketi, kuinuka, kufunga kamba za kiatu, kulala chali akijifanya yuko chini ya friji. Polepole mwili ulianza kuzoea. Aligundua kwamba akiisogeza nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, na mkanda ukiwa mpana na mgumu, ubavu unapumua.

Basi kazini akapona. Kanisani ndiko kulikomshinda.

Kanisa lao lilikuwa ghala la zamani Jeppestown, bati juu, viti vya plastiki chini. Watu wa pale hawasalimiani kwa kupungiana mikono. Ni vichwa kugusana kushoto, kulia, kushoto, kisha kukumbatiana kwa mikono miwili na kupigana mgongoni mpaka vumbi litoke. Wakati wa sadaka ndiyo usiseme: wanaume wanatoka kwa mstari wakicheza, viuno vinafanya kazi, mashati yanapanda, na kwa miaka mingi aliyeongoza mstari ule alikuwa Gustave mwenyewe. Nyuma yake hucheza Alexis.

Huyu Alexis ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu. Ndiye aliyemwokota Gustave siku alipofika Johannesburg hana hata anwani, akamlaza chumbani kwake Jeppestown, chini ya meza ya cherehani, karibu mwaka mzima, wakila ugali mmoja. Suti ya harusi ya Gustave aliishona Alexis. Gauni la Chloé la ubatizo, Alexis. Hakuna uzi uliowahi kupita kwenye suruali ya Gustave ambao Alexis hakuulamba kwanza ili uingie tundu la sindano. Na huyu Alexis, mbele ya macho yake, watu wenye bunduki walimuua kaka yake kule Bukavu. Hata filamu za kupigana hazitazami. Sasa utamwambiaje mtu kama huyo?

Gustave hakumwambia. Alianza kumkwepa. Alexis akija na mikono wazi, yeye anampa mkono mmoja na bega la kushoto, anageuka haraka kama mwenye kuitwa. Sadaka ikianza, anabaki kitini akisingizia goti. Alexis, kwa roho yake, akamletea chupa ya dawa ya kuchua, kutoka kwa mama mmoja wa Uvira anayejua mizizi. Gustave akaipokea. Aibu aliyoipata siku ile hakuimaliza kwa wiki nzima, na chupa akaificha nyuma ya kabati, karibu na sefu.

Halafu akafanya kosa la kijinga kabisa. Suruali zake zilikuwa zimeanza kumbana, maana kiuno kilichoshonewa mtu mmoja sasa kilibeba mtu na chuma chake, tena ndani ya ala nene ya ngozi. Zilihitaji kupanuliwa, na vitanzi vikubwa vya mkanda. Kumpelekea Alexis haikuwezekana: fundi anakuzungushia mikono miwili kiunoni akipima. Kwa hiyo akazipeleka kwa fundi mwingine, Mmalawi mmoja wa Hillbrow, akaona amemaliza mambo.

Jumapili iliyofuata Chloé aliangusha kiatu, Gustave akainama kukiokota. Bastola haikuonekana, kwa sababu alikuwa amejifunza kuinama. Kilichoonekana ni mshono wa nyuma wa suruali, mshono wa mkono mwingine. Alexis, aliyeketi mstari wa pili nyuma yake, aliutazama mshono ule mpaka ibada ikaisha, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mwezi ule kanisa lilikuwa likijiandaa kwa sikukuu yake, na wanaume wote wa mstari wa sadaka walikuwa wamempelekea Alexis vitenge vya sare, rangi ya machungwa yenye ndege weusi. Siku chache baadaye mke wa Alexis akapanda ngazi hadi kwa akina Gustave, akakataa chai, akaweka kitenge mezani. Kilikuwa hakijakatwa. Akasema mume wake anaomba radhi, kazi ni nyingi, na kwa vile Gustave amekwisha kupata fundi wake, basi huyo fundi amshonee. Thérèse akamdodosa mlangoni, na yote yakatoka. Alexis anasema rafiki yake ameota pembe. Tangu apewe ukaazi wa kudumu, hataki tena kuguswa na mtu ambaye bado anapanga foleni kila baada ya miezi kadhaa kurefusha karatasi ya ukimbizi.

Gustave alikaa akikitazama kitenge. Alitaka kusema kwamba ni uongo, lakini kila alichokifanya tangu Januari kilishuhudia upande wa Alexis. Ndipo Thérèse akamwambia, bila kupandisha sauti:

"Papa Chloé, ile kintu uliinunua juu ubakie na sisi. Sasa angalia, unabakia peke yako."

Kesho yake mchana Gustave alikikunja kitenge, akaenda Jeppestown. Karakana ya Alexis ni chumba kimoja chenye dirisha la vioo vilivyofunikwa magazeti, cherehani mbili, na meza ileile aliyowahi kulala chini yake. Alexis alikuwa peke yake. Aliinuka kwa adabu, akamvutia kiti, akamwita Monsieur Gustave, kama bwana mteja mgeni. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo, na Gustave angeona heri kama angetukanwa.

Hakuketi. Aliweka kitenge mezani, akavua koti, akanyanyua mikono yote miwili juu, kama alivyofanya mara mia katika chumba kile.

"Nipime," akasema.

Alexis akamuuliza kama yule fundi mwingine amepoteza futi yake. Gustave hakushusha mikono. Mwishowe Alexis akaivua futi shingoni, akapima mabega, akapima kifua, kisha akaipitisha kiunoni, na mkono wake wa kushoto ukagonga kitu kigumu nyuma ya nyonga. Ukabaki palepale. Fundi aliyeshona maisha yake yote hahitaji kuambiwa alichokishika.

Alirudi nyuma hadi kwenye kiti chake, akaketi, futi ikining'inia mkononi. Uso ulikuwa umekwenda mbali, na Gustave alijua umekwenda wapi. Akamweleza yote hapohapo, mikono ingali nusu juu: sikio, maneno ya Thérèse kitandani, mwalimu, goti la uongo, Mmalawi. Akasema aliogopa. Hakuogopa wezi kama alivyoogopa kuuona uso huu anaouona sasa.

Alexis hakumrahisishia. Akasema wazi kwamba bunduki hazipendi na hatazipenda. Akauliza kama ina kibali, kama Chloé anaweza kuifikia, kama ameshamwelekezea mtu. Gustave akajibu moja moja. Kwa hilo la mwisho akasimulia habari ya dereva wa teksi aliyemfungia njia palepale Jeppestown, akashuka, akaja kumtukana dirishani. Mkono wa Gustave ulianza kwenda kiunoni bila kuagizwa. Akauona unavyokwenda, akaurudisha kwenye usukani, akaukaza, akamwambia yule dereva samahani baba, ingawa haki ilikuwa ya Gustave. Tangu siku hiyo anaogopa mdomo wake kuliko kitu chochote, maana ugomvi ndio unaouita mkono. Anaomba samahani kwa kila mtu: wapangaji, wenye spaza, hata mwenye kumkanyaga.

Alexis akainua kichwa. "Weye? Kuomba samahani?"

Ni kweli ilistahili kushangaza. Gustave aliyemjua yeye aliwahi kugombana na mhubiri juu ya bei ya feni. Kitu fulani kikalegea usoni mwa Alexis, akaanza kucheka kwa shida, kama mtu asiyetaka, halafu akataka, na machozi yakamtoka palepale.

"Mi nilizani roho yako njo imekuwa ngumu," akasema akijifuta kwa futi. "Kumbe ni ubavu tu."

Kisha akainuka, akamgeuza Gustave kwa nguvu, akaukagua mshono wa Mmalawi kwa karibu, akauliza kama yule mtu alishona akiwa amelala. Suruali ile lazima ifumuliwe, hata kesho. Akatoa chaki. Shati la sare, akasema, atalipanua upande wa kulia kidogo tu ili lisishike, pindo la chini atalikunja mara mbili liwe zito, upepo na kucheza visilipandishe. Alitaja na masharti yake: kitu kile asikione kwa macho maisha yake yote, na mambo ya goti yaishe.

"Papa Chloé," akaongeza, chaki mdomoni, "na ile dawa ya kuchua unirudishie. Mi ndiye mwenye goti."

Sikukuu ilifika na jua lake. Gustave aliamka mapema, akafungua sefu, akaifunga ala kiunoni, akavaa shati la machungwa lenye ndege weusi, akainama, akanyoosha mikono juu, akajizungusha mbele ya Thérèse. Thérèse akamwambia yuko sawa, asonge watoke, wasichelewe.

Mlangoni mwa ghala Alexis alikuwa akisubiri na shati lake la kitambaa kilekile. Vichwa viligusana kushoto, kulia, kushoto. Halafu Alexis akamkumbatia kwa kupitia kushoto, mkono wa pili ukabaki juu begani, akampiga mgongo mpaka wazee wakageuka. Wakati wa sadaka ngoma zilipoanza, Gustave alitoka kitini kabla ya mtu yeyote. Wanaume wakajipanga nyuma yake, Alexis wa kwanza, akichechemea kidogo kwa lile goti lake la kweli. Wakacheza hadi kwenye kikapu, wakazunguka ghala zima, wakarudi, jasho likiwatiririka, na njia nzima Gustave hakuligusa shati lake hata mara moja.