Sinema Niliyoitafsiri kwa Jina la Zuhura

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mwaka wa hamsini na tano, nilipoteza nafasi yangu kwenye benchi la Mzee Salim, fundi cherehani wa mtaa wa Bondeni, na nilistahili. Hata leo nikisimulia, uso unaniwaka.

Bintiye, Zuhura, alikuwa amefariki mwaka huo kwa ugonjwa wa kifua. Mimi na yeye tulipendana (ndiyo, mimi Mkristo kutoka Lanet, mpakiaji wa magunia ya pareto, na yeye binti wa Kiislamu), na kwa kuwa tulijua baba yake angesema nini hatukumwuliza, tukawa tunazungumza tu bombani akija kuteka maji, basi. Hakuna aliyejua. Alipokufa sikuwa na mahali pa kumlilia, nikawa nampelekea mzee suruali zisizo na tundu nikidai zinahitaji kiraka, ili nikae pale kwenye benchi, na yeye, akidhani mimi ni mteja mwenye huruma, akinisimulia habari za mwanawe. Hayo ndiyo yalikuwa matanga yangu.

Sasa, siku hiyo ikaja sinema kwenye ukumbi wa mtaa, alasiri kwa sababu ya kafyu iliyokataza watu kutoka usiku, madirisha yamefunikwa blanketi. Ilikuwa ya Kizungu, maisha ya mwandishi fulani wa vitabu, na mkalimani aliyezoea kusimama kando ya shuka nyeupe na kutueleza mambo kwa kipaza sauti alikuwa amekaukiwa na sauti. Mwenye mashine akauliza, "Nani hapa anajua Kizungu?" Nikainua mkono. Mtu wa darasa la nne! (Lakini hata yule mkalimani alikuwa akitia chumvi, na sisi tulimpendea chumvi hiyo.)

Mwanzoni nilienda vizuri. Mwandishi akiandika, nasema anaandika. Akinywa chai, nasema anakunywa chai. Kisha akatokea msichana wa dhehebu lingine, baba yake akamfukuza mwandishi mlangoni, wakaanza kusema upesi upesi, na mimi nikaacha kuelewa hata neno moja.

"Wanasemaje, bwana? Umemeza ulimi?"

Nikasema kilichokuwa moyoni. Nikasema wanakutana bombani. Nikasema msichana anadarizi kofia, anakohoa, anaficha hanchifu yenye damu baba asiione. Watu wakatulia, akina mama wakaanza kupangusa macho, na mimi, Mungu anisamehe, nikanogewa. Msichana alipolala kitandani anakata roho na mwandishi akapiga magoti, nililia ndani ya kipaza sauti: "Zuhura, ningesilimu! Zuhura!"

Watu wa Bondeni wakageuka wote kumtazama mtu mmoja. Sikujua kama yumo (mkewe alikuwa amemleta apunguze mawazo).

Mzee Salim akaja mbele polepole, kivuli chake kikapita juu ya shuka. Hakupaza sauti.

"Kijana, ulimgusa mwanangu?"

"La, mzee. Haki ya Mungu, hata mkono."

"Mimi umeniambia. Na hawa je? Jina lake umelitaja kwa chombo hicho. Lisafishe kwa hicho hicho."

Nikakiinua, mara ya mwisho maishani mwangu (hata kanisani nikiombwa kusoma tangazo nakataa, na nitakataa mpaka nife). Nyuma yangu sinema haikusimama. Mwandishi sasa alikuwa ameoa mwanamke mwingine, mnene, na wanakula keki.

Nikasema, "Yule msichana sikumgusa. Hata mkono."

Waliokaa nyuma, ambao hawakumjua Zuhura wala baba yake, walidhani bado natafsiri.

"Muongo huyo!" mmoja akapiga kelele. "Mtazameni anavyobugia keki!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Salim alingoja kiishe, hakikuisha. Akamshika mkewe mkono wakaelekea nje, na walipofungua mlango jua likaingia, picha ikafifia kwenye shuka.

"Funga mlango, mzee!" watu wakamwambia. "Hatuoni!"

Akaufunga.