Siku Nilipomtaja Muuaji kwa Kipaza Sauti

Chekeni mapema, jamani, mmalize kabisa, maana mkasa huu mimi mwenyewe sijawahi kuumaliza nikiwa nacheka, na mpaka leo nikimwona mtu wa mji wetu, Mazwi, wa rika langu huwa navuka barabara najifanya kuna duka nimeliona upande wa pili.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, bidhaa zimeanza kumiminika kutoka mpakani Tunduma, mitumba imejaa sokoni mpaka mtu unachagua koti la baridi kama unavyochagua mahindi ya kuchoma, na Hamadi, mfanyabiashara wa dagaa aliyepanda huku kutoka Kirando, akanunua deki, televisheni na jenereta, akafungua ukumbi wa video nyuma ya soko. Mimi Gaudensi nikawa mchambuzi wake wa filamu. (Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Hamadi aliniita "yule mwenye mdomo".) Kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya kreti la bia nje ya ukumbi, kipaza sauti mkononi, niwasimulie watu filamu nzima kabla hawajaingia, tangu mwanzo hadi mwisho, na muuaji nimtaje, maana filamu zenyewe zilikuwa za lugha za watu, na mtu wa kwetu hawezi kukaa kwenye benchi mchana kutwa akitazama midomo ya Wazungu inavyochezacheza bila kujua nani kamuua nani. Nasikia kwingine kumtaja muuaji mapema ni kumharibia mtu utamu. Kwetu usipomtaja, ukumbi unabaki mtupu.

Na filamu zangu nilizozipenda zilikuwa za upelelezi, zile zilizotolewa kwenye riwaya za zamani, kwa sababu nilipokuwa shule nilizisoma nyingi kwenye maktaba ya parokia, basi nikawa hodari wa kulinganisha. Ikija ya Kihindi nasema, "Kitabuni mpelelezi anapima nyayo, humu anaimba kwanza, maiti inamsubiri!" Ikija ya Kifaransa nasema huyu bwana anakula kuliko anavyopeleleza. Ya Kijapani nilikuwa nawaonya kabisa kwamba wale hawasemi, wanatazamana tu, lakini ukitoka humo umechoka kama uliyetoka kulima. Mwisho natoa hukumu: kitabu kimeshinda, au filamu imeshinda. Watu wanapiga makofi, nami kichwa kinavimba.

Sasa, kulikuwa na Oresta. Oresta alikuwa binti wa Mzee Desderi, mwenye duka la dawa pale jirani na stendi, mzee mpole, Mkatoliki wa misa ya kwanza, aliyewapa kina mama dawa ya kikohozi cha watoto na kuwaelekeza taratibu, tena akarudia, mpaka waelewe. Nilikuwa nimeshapeleka posa, baba yangu mdogo ndiye mshenga, na mzee hakukataa wala hakukubali. Alijibu, "Huyo kijana nimemsikia kwa mbali. Nataka nimsikie kwa karibu." Oresta akaniambia Jumamosi atamleta ukumbini.

"Simulia vizuri, Gaude," akasema. "Baba anapenda mtu mwenye kauli."

Jumamosi yenyewe filamu ilikuwa ya Kiingereza, imetokana na riwaya niliyoirudia shuleni mpaka jalada likanyofoka. Asubuhi Hamadi akaniita, "Gaudensi, njoo niwashe uitazame kwanza, usije ukanitia aibu." Nami (sijui nilitiwa nini siku hiyo) nikamjibu, "Ya nini kuchoma petroli bure, kaka? Kitabu nimekila chote." Nikaenda kunyoa ndevu na kupiga pasi shati, maana mkwe anakuja. Laiti ningeiacha pasi nikatazama filamu.

Mchana soko limefurika, kuna watu wamepanda na samaki kutoka Muze, kuna wafugaji wameshuka kununua chumvi, nikapanda kreti langu nikaanza. Mjane tajiri amekufa kitandani. Mpelelezi amefika. Nani kamuua? "Ndugu zangu, ni muuza dawa wa mji!" Watu wakaguna, nikaona imewaingia, sasa nikataka waone mtu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu kitabuni mwandishi hakusema muuza dawa yukoje, na mimi kichwani mwangu duka la dawa nililolizoea lilikuwa moja tu. Mdomo ukatangulia. Nikasema ni mzee, ana koti refu jeusi linalofika magotini, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na mguu wa kushoto anachechemea. Watu wakaanza kucheka. Nikaona leo ndiyo leo! Nikashuka kwenye kreti nikaigiza na ule mwendo, nachechemea huku na huku na kipaza sauti, nikisema, "Anakuja hivi, chupa mfukoni, mpole kama padri! Kwa nini kaua? Hilo ingieni mkaone wenyewe!" Watu wanashikana mabega, wanalia kwa kicheko, lakini nikagundua hawanitazami mimi. Wanatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Mzee Desderi, koti lake jeusi, miwani yake, na Oresta pembeni amejifunika mdomo kwa kanga.

Mtu mwenye akili angezima kipaza sauti. Mimi nilikiinua mdomoni kwa heshima zote nikasema, "Shikamoo, baba!"

Soko zima likasikia. Sauti ikatoka kwa wauza nyanya, "Kumbe muuaji ni mkwe wake!" Nikajaribu kurekebisha, "Jamani, si huyu! Ninayemsema mimi ni Mwingereza!" Mshikaji mmoja wa stendi akajibu, "Mwingereza ana koti la Mzee Desderi?" Kila nilipofungua mdomo nilizidi kuchimba. Mwishowe nikamwomba mzee, mbele ya watu wote, aingie atazame, ili kila mtu aone muuza dawa wa filamu hafanani naye hata kidogo.

"Marahaba," akajibu (salamu yangu ile ya mwanzo, hakuwa ameisahau). "Tuingie basi."

Akakaa benchi la mbele. Ukumbi ukajaa mpaka watu wakasimama, maana sasa hawakuja kumwona Mwingereza. Filamu ikaanza, nami nimesimama pembeni ya televisheni nafasiri, jasho linanitoka pamoja na baridi yote ile ya huku kwetu juu, na haikupita muda nikaona mambo yanakwenda kombo. Muuza dawa wa kwenye filamu alikuwa mtu mwema. Halafu akawa na binti, ambaye kitabuni hayumo. Halafu binti akawa na mchumba, kijana msemaji, shati limepigwa pasi. Katikati ya filamu muuza dawa naye akauawa, nikaacha kufasiri, wala haikuhitajika tena, maana mwishoni polisi walimfunga pingu yule mchumba na kila aliyekuwa mle ndani, hata asiyejua neno la Kiingereza, alielewa.

Waliotengeneza filamu walikuwa wamebadilisha muuaji. Ukumbi mzima ukanigeukia mimi.

Mzee Desderi akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Sasa nimejua," akasema kwa utulivu, "kwa nini ulikuwa na haraka ya kumtaja muuza dawa."

Kicheko kilichopigwa pale nadhani kilisikika mpaka kijijini Mwazye. Na kama ingeishia hapo ningekuwa nawasimulia leo kwa raha. Lakini waliobaki nje, wale wengi ambao hawakuingia, walikuwa wamesikia uchambuzi wangu tu. Watoto wakaanza kumfuata mzee njiani wakichechemea kama yeye na kumwita Muuaji. Ni utani, lakini mji wetu unasemwa vya kutosha kwa mambo ya kurogana na kudhuriana, na utani wa namna hiyo juu ya mtu anayekupimia dawa ya mwanao haukai kama utani. Kina mama wakaanza kwenda duka jingine. Walipita tu. Mvua zilipoanza mzee akafunga duka akarudi kwao Mwazye kulima, na baba yangu mdogo akarudi na jibu la posa, ambalo hata hakukaa chini kulitoa.

Nilimfuata Oresta stendi siku wanapakia mizigo. Nilianza kujitetea kuhusu kitabu na filamu, akanikatiza.

"Ulipotaka kuwaonyesha watu sura ya muuaji, Gaude, katika mji mzima ukamwona baba yangu?"

Nikainua mzigo wao mmoja nikaupakia. Swali hilo ninalo hadi leo.

Uchambuzi niliuacha siku hiyohiyo, na Hamadi akatafuta mdomo mwingine. Nimeapa sitahukumu filamu ambayo sijaitazama, na sura ya mtu wa watu sitaiazima kwa ajili ya kuwachekesha wengine, hata wapige makofi namna gani. Baadaye nilikwenda Mwazye kuomba radhi. Mzee alinipokea, tukala ugali wa ulezi na maharage, hakutaja lolote, mpaka naaga ndipo akaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya mvua, "Mwanangu, kwenye kile kitabu, yule muuza dawa aliua kwa nini? Siku ile hukusema."

Nikamwambia nimesahau.

Sijasahau. Aliua kwa sababu mji mzima ulikuwa ukimcheka.