Ukoma ya Muti

Ile kitu haina jina kwetu. Inaota juu ya ganda ya muti, inalala bapa kama imebandikwa, majani yake madogo kama magamba ya samaki, moja juu ya ingine. Haina maua, haina mizizi ya kushika udongo. Inataka vitu mbili tu: unyevu na kivuli. Pale kwetu Lubondja, muti mukubwa wenye ulifunika chemchem yetu ulivaa ile kitu toka chini mpaka kimo cha mabega ya muntu. Mama yangu alikuwa anaigusa kila asubuhi mbele ya kuchota. Ikiwa laini, alisema maji iko. Ikijikunja na kuwa nyeusi, alitutuma kufulia mutoni, chemchem ibaki ya kunywa.

Hayo yote niliona na macho yangu, na bado nilifanya ujinga.

Tuliambiwa bakubwa banakuja kuangalia chemchem, pengine batajenga robine, bomba ya kufungua maji. Bamama balinipa mi kusimamia salongo, kazi ya wote ya kusafisha, maana hakuna koko, bibi muzee, mwenye kunipita hapa, na mudomo yangu haiogopi muntu. Ilikuwa kiangazi. Ganda yote ilikuwa nyeusi, imekunjana. Nikasema: "Huu muti uko na ukoma. Bageni bakunywe maji huku ukoma unabaangalia?"

Muke wa mutoto wangu akacheka. "Koko, si ulisema mama yako alikuwa anaishikaka?"

"Mama yangu hakujuaka robine. Leta panga!"

Tulikwangua mpaka muti ukabaki mweupe kama mbuzi ya kuchunwa. Tukakata matawi jua iingie, pakuwe propre, safi kabisa. Matawi ikachomwa makala, ikapanda pikipiki, ikaenda soko ya muji wa Baraka. Nilivaa kikwembe changu cha kanisa kupokea bageni. Bakakuja, bakakunywa, bakasema pazuri, bakaandika. Habakurudi.

Mvua ilinyesha, maji ikajaa, nikajivuna: munaona? Kiangazi ya kufuata, chemchem ikatoa machozi tu. Ingine tena, matope. Sasa ni udongo wa kupasuka, kuku zinaoga vumbi pale.

Nilipanda kwenye pori yenye ilibaki, mbali, na hii magoti yangu. Nikatoa kipande ya ganda yenye iko na ile kitu, nikaifunga na kamba ya mugomba juu ya muti wetu. Nikainywesha na kikombe asubuhi na mangaribi. Mwezi haukuisha, ikawa unga mu mukono yangu. Kikombe si kivuli.

Leo tunashuka mutoni, kwenye maji ya kuumiza batoto matumbo. Hakuna mwenye kunitukana. Heri bangenitukana.

Juzi, tukipumua katikati ya kilima, muke wa mutoto wangu, mwenye iko na mimba ya miezi saba, akaniuliza: "Koko, tukipanda muti mwingine?"

"Panda."

"Na maji itarudi?"

Nilitaka kumudanganya. Nikashindwa. "Huyu mwenye iko mu tumbo atakunywa ya mutoni," nikamuambia. "Na batoto bake pia."

 Akatweka bidon yake ya maji kichwani, akainama pole pole, akachukua na kabidon kangu kadogo, akapanda nazo zote mbili.