Bushi Nilizozikaza Gari Likiwa Hewani

Nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa na miaka thelathini hivi, nimelala chali chini ya gari langu nyumbani Genkuru. Uchafu wa barabara ulinidondokea machoni, nami nilikuwa naimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa. Niliimba kwa sababu niliamini nafanya kazi njema. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, leo nimechoka, na mgongo hauniruhusu kukaa mezani muda mrefu. Hata hivyo nataka nikusimulie ile kazi, maana niliifanya vibaya, na aliyeumia hakuwa mimi.

Mama mkwe wangu, mjane wa pale Matongo, alikuwa ameanguka na ndoo ya maji akavunjika nyonga. Hospitali ya mjini Tarime ilimtibu, mfupa ukaunga, kisha daktari akasema jambo moja: aje Tarime kila wiki kwa mazoezi ya mguu. Akija, atatembea. Akiacha, mguu utabaki ulivyo, naye atakuwa mtu wa kubebwa maisha yake yote. Katika ukoo ule mwenye gari nilikuwa mimi peke yangu. Nikasema Mungu amenipa gari kwa ajili ya siku kama hizi.

Basi kila Jumatano mke wangu Bhoke alikwenda kumchukua mama yake ndani, akamwegemeza mpaka kwenye kiti cha nyuma, na mimi nikawa nimesimama mbali, nimegeuza uso upande wa zizi. Wewe umekulia mjini, huenda hujui. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani, hawatazamani machoni, wala hawazungumzi hovyo. Hiyo ndiyo heshima. Nami nilitaka kuishika heshima hiyo mpaka ndani ya gari, kwa hiyo kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nilikigeuza kikaelekea paa. Njia nzima nilitumia vioo vya pembeni. Watu wa kanisani walinisifu kwa hilo, na nilipenda kusifiwa.

Gari lilikuwa kuukuu na barabara ilikuwa ya mashimo na mawe. Siku moja nikaanza kusikia mgongano wa chuma nyuma, kok, kok, na kwenye kona mkia wa gari ukawa unayumba kama ng'ombe aliyeshiba. Nilijua ni bushi. Ile mikono ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma hukaa juu ya vipande vya mpira vilivyobanwa kwa bolti, na mpira ukiisha, chuma hugonga chuma. Nikanunua bushi mpya Tarime. Kwa fundi sikwenda. Nilikuwa nimewahi kumsaidia rafiki kazi kama hiyo, nikajiona najua.

Niliinua nyuma kwa jeki, nikaweka magogo mazito chini ya bodi, nikatoa magurudumu. Za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu, nikazisukuma nje kwa kipande cha bomba na nyundo mpaka mikono ikavimba. Mpya nikazipaka maji ya sabuni, zikaingia. Kisha, ekseli ikiwa bado inaning'inia, nikakaza bolti zote kwa nguvu zangu zote, nikaongeza na bomba kwenye spana ili zikaze zaidi. Nikashusha gari, nikaliendesha peke yangu, tupu, hadi kwenye duka la jirani na kurudi. Kimya kabisa. Nikamshukuru Mungu na kuoga.

Zilitulia kwa majuma machache tu. Kok, kok ikarudi, na safari hii nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu: niliongeza sauti ya redio. Nilijiambia kwamba bushi ni mpya, kwa hiyo hiyo si bushi.

Kisha Jumanne moja jioni Bhoke akarudi kutoka kwao na ujumbe. "Mama anasema anamshukuru Mungu kwa kila ulichomfanyia. Anasema sasa upumzike. Haendi tena Tarime."

"Haendi? Na mguu?"

"Amesema amezeeka, mguu utamtosha hivyo ulivyo."

Mwanangu, nilikasirika. Sikusema mbele ya mke wangu, lakini moyoni nilimwita mama yule mtu asiye na shukrani. Nimechoma mafuta, nimejitoa kila Jumatano, halafu ananiambia nipumzike! Bhoke alimsihi sana, mama akakubali kwenda mara moja tu, kumuaga daktari.

Siku hiyo Mzee Nyamhanga aliomba lifti. Alikuwa mzee wa kanisa letu, fundi wa magari aliyestaafu, mwenye ulimi mkali. Bhoke alikaa mbele na mtoto mapajani, kwa hiyo mzee akakaa nyuma na mama mkwe. Tulipofika Tarime, Bhoke akamshika mama yake wakaingia hospitali polepole. Mzee Nyamhanga alibaki ameshika kiuno.

"Kijana, umewahi kukaa kiti hiki?"

"Hapana, mzee. Mimi si ndiye dereva?"

"Basi hulijui gari lako. Mama wa watu anashika mlango kwa mikono yote miwili kutoka Matongo mpaka hapa. Kila shimo anafumba macho. Mimi nyonga zangu nzima zimelia, sembuse ya kwake?"

"Hajawahi kusema, mzee."

"Atamwambia nani? Wewe? Mkwe wake? Afadhali alemae kuliko akuaibishe." Akaingiza kichwa mlango wa mbele, akatazama juu. "Na hiki kioo kinatazama nini? Malaika?"

Nikamweleza kwamba ni kwa heshima. Akasema, sasa kwa upole, "Heshima ni kutomkodolea macho. Hakuna aliyekuambia usijue anavyoendelea."

Kisha akapiga goti, akachungulia chini. Bushi zangu mpya zilikuwa zimechanika zote. Akaniuliza nilizikaza vipi, nikamwambia. Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

"Ulikaza gari likiwa hewani. Mpira umeubana mahali ambapo hautakaa kamwe. Ukilishusha, uzito unakuja, mkono unapanda, na mpira umeshikwa, unajisokota. Ni sawa na kumfunga ng'ombe shingo ikiwa imepinda, halafu umwambie atembee mbele. Bolti ile unaishikiza tu kwa mkono. Unashusha gari likae kwa magurudumu yake, na uzito wake, na wa wale litakaowabeba. Hapo ndipo unakaza."

Tulimpeleka mama kwao, na njia nzima niliendesha polepole kama mtu anayebeba mayai, redio imezimwa, nikisikia kila kok kama pigo.

Nilinunua bushi tena. Safari hii nilichimba mtaro mfupi uani, wa kutosha mtu mmoja kulala. Nilifunga bushi, nikashikiza bolti, nikarudisha magurudumu, nikashusha gari magurudumu yakae pande mbili za mtaro, nikayazuia kwa mawe. Nikapakia magunia mawili ya mahindi kwenye kiti cha nyuma. Ndipo nikaingia kwenye mtaro na kukaza. Sikuimba. Niliomba tu, kwa maneno machache, kwamba isiwe nimechelewa.

Kisha nikashusha magunia, nikampa Mzee Nyamhanga ufunguo, mimi nikakaa nyuma, kiti kile kile, kutoka Genkuru mpaka Matongo. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mashimo yalikuwepo bado, lakini chuma hakikugonga, na mkia haukuyumba.

Nyumbani kwa mama mkwe, Bhoke alikuwa ametangulia. Nilisimama nje, hatua nyingi kutoka mlangoni, uso upande wa zizi kama desturi. Mama alikuwa ndani, pengine nyuma ya mlango tu, na kila neno alilisikia. Lakini ilibidi lipite kwa mtoto wake.

"Bhoke, mwambie mama nimekosa. Gari lilikuwa linamuumiza, nami sikuuliza."

"Mama, anasema amekosa. Anasema hakuuliza."

Kuku walipita.

"Mwambie," ilisema sauti ya mama kutoka ndani, "na mimi sikusema."

"Anasema na yeye hakusema."

"Mwambie gari limetengenezwa. Namwomba ajaribu mara moja. Likimuumiza, agonge mlango kwa fimbo yake, nami nitasimama."

Bhoke akafungua mdomo kupeleka ujumbe, mama akamkatiza. "Nimesikia, mimi si kiziwi. Niletee kitenge changu cha safari."

Jumatano ile tulikwenda. Masikio yangu yote yalikuwa kwenye ile fimbo. Tulipita daraja la kwanza, tukapita ile sehemu ya mawe, sikusikia kitu. Nikaogopa labda anavumilia tena kwa ajili yangu. Nikanong'ona, "Bhoke, geuka umtazame mama. Yukoje?"

Bhoke aligeuka, akakaa hivyo kidogo, kisha akaziba mdomo kwa mkono asicheke.

"Amelala," akasema. "Anakoroma."

Hakuacha tena mazoezi. Kabla mwaka haujaisha alitembea mwenyewe kwa fimbo mpaka kanisani, akapita nilipokuwa, naye akageuza uso upande wake na mimi wangu. Sijawahi kusalimiwa wala kushukuriwa vizuri kuliko vile.

Sasa ni mimi ninayekaa nyuma. Watoto wangu wananipeleka kliniki ya mgongo, na wengi wao huendesha kwa fujo, na mara nyingi mimi pia hunyamaza, kwa uchovu tu. Ndiyo maana nakuandikia. Mwanangu, ukitengeneza kitu kwa ajili ya mtu, usikipime ukiwa peke yako na kikiwa tupu. Kikaze kikiwa na uzito wa yule kitakayembeba. Nenda ukakae kiti chake. Na yule ambaye heshima, au unyonge, au uzee umemfunga kinywa, usichukue ukimya wake kuwa ni raha. Muulize. Kama desturi hairuhusu umuulize wewe, mtume anayeruhusiwa, lakini aulizwe. Na sauti usiyoipenda ikianza kugonga nyuma yako, zima redio.

Mungu aliyenivumilia mimi na makosa yangu akuvumilie na wewe. Akupe mikono ya kutengeneza na masikio ya kusikia, na wote utakaowabeba wafike salama, wakiwa wamelala usingizi. Amina.