Vidole Viwili Bila Nusukaputi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, enzi za Mwingereza, na mkono huu wenye vidole vitatu ndio shahidi wangu.

Vidole viwili vilisagwa na mashine ya kumenyea kahawa, kwetu Old Moshi. Nikateremshwa hadi zahanati moja mjini. Daktari Mzungu akasema vikatwe. Dresa, msaidizi wake, akaniambia nusukaputi imekwisha, nivumilie. Nivumilie! Angekuwa yeye je?

Walipokuwa wananifunga mkono, mama mmoja mzee akaja kuketi karibu na kichwa changu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akasema kwa Kichagga, "Usiutazame mkono. Nitajie migomba ya kihamba chenu, mmoja mmoja, kuanzia mlangoni."

Nikaanza: mshare, mlali, kitarasa. Niamini, msumeno niliusikia ukikwaruza mfupa, lakini maumivu sikuyasikia. Nilikuwa nyumbani, natembea shambani kwetu kwenye majani mabichi. Nilipofika mgomba wa mwisho, bandeji ilikuwa imekwisha kufungwa, yule mama hayupo.

Dresa akaapa kwamba hakuna aliyeingia. Lakini mwanamke aliyekuwa akifagia, aliposikia habari ya lile sikio, aliweka ufagio chini. Alisema mama huyo alikatwa mguu juu ya kitanda kile kile, akiwa macho, bila dawa, akafa akipiga kelele.

Wala si hilo linalonichoma. Daktari alifurahi kuona sikulia! Akamwambia dresa kwamba watu wa mlimani hawasikii maumivu, dawa isipotezwe kwao.

Wiki iliyofuata wifi yangu Anjela akapelekwa pale, mguu umeoza kidole. Chupa za nusukaputi zilikuwa zimeshafika, niliziona kabatini kwa macho yangu. Nikamwomba dresa, akanisukuma nje ya chumba. Na yule mama safari hii hakuja. Kwa nini, sijui. Nikiwa ukumbini nilimsikia Anjela akilia, na dresa akimkaripia, "Mwenzako mbona hakulia?"

Anjela alipona, ila salamu yangu haitikii mpaka leo. Nina hasira na wale watu, na nina hasira na mimi. Wewe unayenisikiliza, ukilazwa mbele ya kisu, hata kama huumwi, lia. Lia wakusikie hadi barabarani, kwa sababu nyuma yako kuna mtu anasubiri zamu yake.