Ndizi na Tui kwa Mtu Asiyetafuna

Mwenzangu, wiki iliyopita nilikwenda Mafiga, Morogoro mjini, kumtazama mjukuu wangu. Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti alikuwa ameshaniletea bilauri ya ndizi na maziwa, nzito, ina povu juu. Mashine yake ya umeme ilinguruma kidogo tu, ikanyamaza. "Shikamoo bibi, kunywa kingali baridi," akasema. Kilikuwa kitamu, sikatai. Lakini funda la pili lilinipandisha mpaka Kinole, kule milimani, kwenye ua wa bibi yangu, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, na nikasahau hata kuitikia marahaba.

Kinole ya utoto wangu ilikuwa ya ukungu na migomba. Asubuhi huoni nyumba ya jirani, unasikia tu kikohozi chake na jogoo wake. Jua likishapanda ndipo mlima unatoka kidogo kidogo, na harufu ya moshi wa kuni mbichi inachanganyika na ya mapapai yaliyoiva mtini mpaka ndege wakayatoboa. Ndizi tulizila mbivu, tukazila mbichi za kupika, tukazianika. Nazi zilipanda kutoka bondeni kwa vichwa vya wanawake, kwa hiyo hazikuchezewa.

Baba yangu alikuwa mgeni pale. Kwa Waluguru mume ndiye anayehamia, akajenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na nyumba yetu ilitazamana na ya bibi mzaa mama, ua mmoja. Lakini mkwe na mkwe hawakukutana uso kwa uso. Bibi akimwona baba anakuja njiani, hujitia migombani kama anayetafuta kuku. Baba naye husimama pembeni, akayatazama mawingu mpaka bibi apite. Akitaka kumwambia jambo, bibi alituambia sisi: "Mwambieni baba yenu paa lake linavuja." Baba amesimama hapo hapo, amesikia kila neno, naye anangoja tumwambie. Sisi watoto hatukuona ajabu yoyote. Ndiyo ilikuwa heshima.

Wadachi walipokuwa wanapitisha reli kuja Morogoro, jumbe alizunguka nyumba hadi nyumba akitafuta wanaume. Baba akachukuliwa kwenda kupasua mawe upande wa Ngerengere. Mama alikuwa mjamzito. Miezi ikapita, mama akajifungua mtoto wa kiume, akahamia kwa bibi kwa uzazi, na siku chache baadaye wanaume wawili wa kijiji wakamleta baba kwenye machela. Baruti ililipuliwa, kipande cha jiwe kikamvunja taya. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Nilimtambua kwa miguu.

Mganga wa mifupa akamfunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini, akaonya: "Huyu asitafune kitu mpaka nitakapokuja kumfungua." Tukampa uji. Uji wa mtama ulikwama kwenye meno yaliyofumbwa, akakohoa, na kila kikohozi kilimtoa machozi. Baada ya hapo akawa anageuza uso ukutani akiona bakuli. Mbavu zikaanza kuhesabika. Mama alikuwa bado uzazini, hakuruhusiwa kutoka ndani. Alilala na mtoto kifuani, akisikiliza ng'ambo ya ua, na mara kwa mara aliniita: "Amekula?" Nikajifunza kusema "kidogo" bila kumtazama.

Siku moja nzima bibi alizunguka migombani akipapasa mikungu. Kesho yake akaniita jikoni, akanionyesha mkungu wa ndizi kisukari uliokuwa umeanza madoadoa meusi. "Mtu anayeshindwa kutafuna," akasema, "watu wengine watamtafunia. Kaa hapa."

Nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna nazi. Yeye akamenya ndizi, akazitia kinuni pamoja na kipande cha papai. "Usitwange, ponda. Ukitwanga zitaruka nje, utawalisha kuku." Nikaponda mpaka zikawa laini kama matope ya mtoni. Tui la kwanza akalikamua kwenye kifumbu, jeupe, zito, likidondoka polepole. Akamimina, akakamulia ndimu ili ndizi isigeuke nyeusi, kisha akachuja vyote tena kupitia kifumbu kisibaki hata kiuzi kimoja. Mwisho akanipa kijiti chenye panda nikipekeche katikati ya viganja mpaka povu lipande. Kazi yote ilikwisha kabla sufuria ya maharage haijachemka.

"Sasa kimbia," akasema. "Ndizi iliyomenywa haina subira."

Nilikuwa nimekata bua la jani la papai liwe mrija. Bibi akalitupa. "Utomvu wake utamwasha. Kata tete." Nikakata tete mtoni, nikalisafisha, nikavuka ua na kibuyu mikononi. Baba alitazama kwanza, akanusa, kisha akaliweka tete penye mwanya wa jino lililong'oka. Akavuta. Akatulia. Akavuta tena, na nikaona koo lake likipanda na kushuka bila kikohozi. Alipomaliza alisema kwa meno yaliyofumbwa, "Mwambie mama asante." Mama kwake alikuwa mkwe wake, basi nikamwambia bibi. Bibi akasema, "Nimesikia," akaendelea kuosha kinu.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu, asubuhi, mchana na jioni. Nilijua kuchagua ndizi kwa kuishika tu. Papai likikosekana, bibi alikamua nanasi, lakini kidogo sana, lisichome vidonda. Jirani yetu, mwanamke mcheshi aliyekuwa mtani wa ukoo wetu, akipita uani husema, "Baba mtu mzima ananyonya, na mtoto ananyonya. Nyumba hii ina wachanga wawili." Baba alicheka kwa pua, kwa sababu mdomo haukuweza.

Kisha nazi zikaisha. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, wanawake wa bondeni hawakupanda tena. Nikashuka na jirani yule alfajiri kuzifuata. Tulizipata, lakini tukirudi tukakuta kijito chetu kimekuwa mto, maji mekundu yanabeba migomba mizima. Tukakaa ukingoni tumejifunika majani. Nililia, maana nilijua baba hajanywa kitu tangu asubuhi, na mkono wa kumpelekea ulikuwa wangu peke yangu. Jirani alinishika bega, akasema, "Maji hayabishani na mtu, mwanangu. Ngoja." Tukangoja mpaka jua la alasiri, ndipo tukavuka tumeshikana mikono.

Nilifika uani nikikimbia, nazi mgongoni. Nikasimama.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu. Alikuwa ameupa mlango mgongo, kanga imefunika kichwa na uso wote, na mkono wake wa kulia ameurudisha nyuma, umeshika kibuyu. Ndani, baba alikuwa ameinama mbele, macho ameyafumba, tete mdomoni, anakunywa. Hapakuwa na tui. Bibi alikuwa amekwenda kuomba maziwa ya mbuzi kwa watu aliokuwa hasemi nao kwa ajili ya mpaka wa shamba.

"Mwambieni baba yenu anywe taratibu," bibi alikuwa akisema, na pale hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Baba akaacha tete. "Mwambieni mama," akasema, "atachoka mkono."

"Mwambieni haujachoka."

Nilirudi nyuma polepole, nikazunguka migombani, nikangoja mpaka nikasikia bibi ameinuka na kuondoka. Mama alikuwa ameona yote kwa ufa wa ukuta, nilimkuta bado amesimama hapo.

Baba alipona. Taya liliunga kombo kidogo, akawa anacheka upande mmoja. Yeye na bibi waliendelea kukwepana njiani kama zamani, ila bibi hakukimbilia tena migombani. Aligeuka tu.

Miaka ikaenda, vita vya Wadachi na Waingereza vikaja, na wanaume wakachukuliwa tena, safari hii kubeba mizigo. Baba alikwenda na hakurudi, wala hakuna aliyetuonyesha alipozikwa. Siku habari zilipofika, mama alikaa chini. Bibi ndiye aliyetoka katikati ya ua, kanga mabegani, uso wazi, akamwita baba kwa jina lake. Mara moja, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitamka.

Siku hizi mkwe na mkwe wanakula meza moja, wanataniana, na sioni ubaya. Nyumba zile mbili hazipo, migomba imekatwa, mwingine analima pale tangawizi. Waliolisikia jina lile likiitwa wameondoka mmoja mmoja. Nimebaki mimi, na bado nalisikia linavyopanda mlimani.