Karatasi Mfukoni, Samaki Sahanini

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hata leo nikifumba macho nainusa: vumbi la moto, ngozi ya glavu, na jasho la vijana waliopewa siku moja tu ya kupumzika kwa juma wakaamua kuimaliza kwa kukimbia juani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Leo magoti yangu peke yake yana miaka mia. Kaa hapa, univumilie. Mzee akianza kusimulia huwa kama basi la kampuni: hujui litafika saa ngapi, ila litafika.

Umekuja na swali la kikapteni. Timu mpya kutoka Jumeirah Lake Towers imeingia kwenye ligi yetu ya besiboli, na kila timu ya zamani lazima iandike karatasini majina ya wachezaji inaowakinga. Atakayebaki nje ya karatasi, timu mpya ina ruhusa ya kumchukua, na mwenyewe hana la kusema. Umeniuliza, "Mzee Mutua, zamani mlikuwa mnaandikaje?" Nitakwambia. Laiti ningekuwa na habari nzuri zaidi ya kukupa.

Enzi hizo hapa Al Qusais, Dubai, hapakuwa na treni. Pale zinaposimama sasa nguzo za treni ya mstari wa kijani palikuwa kiwanja kitupu nyuma ya maghala, na sisi ndio tuliokisawazisha kwa sepetu. Vituo vya kukimbilia vilikuwa magunia ya mchanga. Timu zilikuwa nne: Wafilipino, Wahindi na Wapakistani waliotoka kwenye kriketi, walimu wa Kimarekani, na sisi watu wa Afrika Mashariki wa kambi ya ghala, tuliochanganyika kama pilau.

Aliyetuletea mchezo ule alikuwa Okello, Mganda wa Gulu, mpakuzi wa makontena, mtu wa makamo aliyefundishwa besiboli shuleni na walimu wa kigeni. Siku ya kwanza tulimcheka sana. Mimi nilimwambia, "Sasa huu ni mchezo gani, mtu anakimbia kiwanja kizima halafu anarudi palepale alipotoka?"

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Na wewe Dubai unafanya nini? Si unakimbia, unakimbia, mwisho unarudi nyumbani? Mwenye kufika nyumbani, huyo ndiye ameshinda."

Hakuna aliyecheka tena. Tukachukua magongo.

Mimi nikawa mrushaji, yaani yule anayesimama katikati na kumtupia mpira mpigaji. Okello akawa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mrushaji ndiye anayepigiwa makofi, lakini mdakaji ndiye anayeuona uwanja mzima. Kila nilipotaka kurusha, Okello alinionyesha vidole kwa siri kati ya mapaja yake: kimoja, rusha kwa nguvu, viwili, upindishe. Sikuwahi kufikiri mwenyewe. Nikichoka, alijua kabla yangu. "Captain, mkono yako leo iko na usingizi," alikuwa akisema, kisha anakuja taratibu kunipa mpira mkononi, ilhali angeweza kunirushia, ili nipate pumzi.

Tena tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Mipira ilikuwa adimu, na changarawe ya kiwanja chetu ilikuwa ikichana mishono yake kila Ijumaa. Kila Jumamosi baada ya kazi, Okello alikaa kitandani na sindano nene na rila ya uzi mwekundu, akiishona upya mmoja mmoja, mdomo wake ukihesabu mishono. Nilizoea sauti ya uzi ule ukipita kwenye ngozi. Kitu ukikizoea, mwanangu, hukioni tena. Mwenye macho mawili huzisahau kope zake.

Basi mwaka ule vijana wa Discovery Gardens, walinzi na watunza bustani, wakaomba kuingia kwenye ligi. Walikuwa na jezi na ari, wachezaji wazoefu hawana. Wale walimu wa Kimarekani wakatuletea desturi ya kwao. Kila timu ya zamani ikinge wachezaji kumi. Timu mpya ichague mmoja kutoka kila timu. Timu iliyochukuliwa mtu iruhusiwe kuongeza majina matatu kwenye karatasi yake, kisha uchaguzi urudi mara ya pili. Hivyo timu mpya inapata miguu, na ya zamani haivunjwi mgongo.

Nilikaa na ile karatasi siku nne. Majina tisa yaliandikika yenyewe. La kumi lilinishinda. Upande mmoja Okello, karibu miaka arobaini, goti la kushoto likilia kila akichuchumaa. Upande wa pili Barasa, kijana wa Bungoma aliyeingia miezi miwili tu iliyopita, anakimbia kama swala, anapiga mpira mpaka unapotea kwenye paa za maghala. Nikajiambia, nani atamtaka mzee mwenye goti bovu? Nikimwandika Okello nitakuwa nimefuja mstari. Nimwache wazi, maana hapana atakayemgusa, nimkinge Barasa, nibaki nao wote wawili. Nilijiona mjanja kweli. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kijana husikia methali kama msafiri anavyosikia tangazo la ndege isiyo yake.

Nikaandika Barasa. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Alhamisi ile nikatoka kazini jua bado liko juu, nikamkuta Okello amepika. Alikuwa ametumiwa samaki wakavu kutoka kwao, akawapika kwa karanga, akasonga ugali. Akanisogezea kichwa cha samaki, kile anachopewa mgeni wa heshima. "Kula, Captain. Kesho iko kazi."

Nikala. Karatasi ilikuwa mfukoni, naisikia kwenye paja kila nikiinama kumega tonge. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza nikasifu karanga. Mara ya pili nikaomba maji. Mara ya tatu nikajiambia, ya nini kumuumiza mtu kwa jambo ambalo halitatokea?

Kesho yake tukakusanyika kiwanjani. Mwalimu mmoja wa Kimarekani akasimama na karatasi zetu nne, akasoma majina ya waliokingwa. Alipofika kwetu nilikuwa nimetazama viatu vyangu. Akasoma la kumi: Barasa. Kisha akakunja karatasi.

Sikuinua macho, lakini nilijua Okello yuko wapi. Alikuwa amesimama kushoto kwangu, kikinga-uso cha mdakaji kikiwa mkononi. Nilikisikia kikigonga goti lake, taratibu, kama mtu anayehesabu.

Kiongozi wa timu mpya alikuwa Wafula, mlinzi, Mkenya mwenzangu, mwenye sauti ya kuita gari lililo mbali. Walipofika kwetu hakunong'ona na wenzake hata kidogo.

"Sisi tunamtaka huyo buda," akasema, akimnyooshea Okello kidole.

Kijana mmoja wetu akacheka, "Bro, goti ya huyo imeenda likizo!"

"Wacha iende," Wafula akajibu. "Goti tuko nazo ishirini. Kichwa ndiyo hatuna. Nani atatufunza hii mchezo, goti?"

Watu wakacheka, hata Wafilipino ambao hawakuelewa neno. Okello hakucheka. Aliinama akachukua glavu yake, akavuka mstari wa chokaa, akasimama upande wa pili na watu asiowajua. Hatua kumi na mbili tu. Nimesafiri mara nyingi kati ya Dubai na Kitui, sijapata kuona safari ndefu kama ile.

Mwalimu akaniuliza, "Captain, majina matatu ya kuongeza?" Nikayataja. Vijana watatu ambao hakuna aliyewaulizia, wala siku ile wala baadaye. Ndiyo faida niliyopata kwa ujanja wangu.

Nilipokwenda kuketi kivulini kwenye basi, dereva wetu, Mzee Seif, Mzanzibari wa umri wa baba yangu, alikuwa amefungua mlango anakunywa chai. Alikuwa ameyaona yote.

"Umemwambia kabla?" akaniuliza.

"Sikudhani wangemchukua, mzee."

"Sikukuuliza ulidhani nini. Nimekuuliza umemwambia?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Basi hukumwacha wazi leo, mwanangu. Ulimwacha tangu ulipoikunja karatasi bila kumwambia." Akamwaga masalia ya chai mchangani. "Usiache mbachao kwa msala upitao. Na kama huna budi kuuacha, usiukanyage kwanza. Nenda ukamtake radhi, yalla."

Sikwenda. Nilisema nitakwenda jioni. Jioni nikasema kesho.

Na kumbuka, mwanangu, Okello alikuwa amehama timu tu, chumba hakuhama. Tuliendelea kulala kitanda juu ya kitanda. Asubuhi tulisalimiana, "Umeamkaje," "Salama," kama watu wanaopishana mlangoni kwa daktari. Ijumaa alifunga begi lake mapema, akapanda basi la watu wengine. Jumamosi alikaa palepale, sindano ileile, uzi uleule mwekundu, akishona mipira ya Discovery Gardens. Mipira yetu ilikuwa imelala chini ya kitanda changu imechanika, inaonyesha matumbo. Angeishona kama ningemwomba, hilo nalijua. Sikumwomba. Nilikuwa juu, namsikia akihesabu mishono, na nilichoka kwa uchovu ambao hauna uhusiano na kazi.

Mkono wangu nao ukapotea. Barasa alikimbia vizuri, lakini swala hakufundishi kurusha. Tulipocheza na timu yao, Okello alikuwa amechuchumaa nyuma yangu nikiwa mpigaji, karibu kiasi cha kusikia goti lake likilia. Sikuweza kuupiga mpira hata mmoja. Aliijua kila tamaa yangu, akamwonyesha mrushaji wake vidole, kimoja, viwili, na mimi nikapunga gongo hewani kama mtu anayefukuza nzi. Mwishoni mwa msimu wale wageni walimaliza mbele yetu.

Mwaka uliofuata mkataba wake ukaisha. Asubuhi ya safari, Mzee Seif aliniambia nipande basi nimsindikize uwanja wa ndege, na aliniambia kwa namna isiyo na nafasi ya kukataa. Njia kutoka Al Qusais ni fupi sana. Taa za barabarani zote zilikuwa kijani siku hiyo, nilivyozilaani! Tulipoanza kushusha begi ndipo nikasema. "Okello, ile karatasi. Nilikosea. Ningekuandika."

Akaliweka begi chini, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, kama mimi nilivyochoka sasa.

"Captain, khalas, imeisha. Karatasi ni mchezo. Mtu lazima abaki nje, hata mimi ningeandika Barasa." Akalibeba begi begani. "Karatasi haikuniuma. Samaki ndiyo iliniuma. Wewe ulikula samaki yangu, na karatasi iko kwa mfuko."

Akanipa mkono, akaingia. Sikumwona tena, wala sijui kama bado yu hai.

Nilirudi chumbani nikakuta juu ya kitanda changu sindano ile nene na rila ya uzi mwekundu. Bila barua. Nikaitoa mipira yetu chini ya kitanda nikaanza kushona. Mishono yangu ilikuwa mibaya, ikaendelea kuwa mibaya kwa miaka. Ndiyo hii unayonikuta nayo kila Jumatatu, mwanangu, mkinitania kuwa babu fundi cherehani.

Sasa nisikilize, kwa maana hukuja kwa ajili ya hadithi.

Timu mpya hujengwa kwa watu ambao wengine wamedhani hawatakiwi. Kwa hiyo ukimwacha mtu nje, usijidanganye kuwa hakuna atakayemwona. Jengo changa hutafuta nguzo kabla ya mapambo, na mgeni huiona nguzo yako upesi kuliko wewe uliyeiegemea mpaka ukaisahau. Lakini hilo ni dogo. Kukosea kuchagua ni jambo la binadamu, na karatasi haitoshi watu wote, haijapata kutosha. Lililo kubwa ni hili: mwenye kubaki nje asisikie jina lake likikosekana mbele ya watu. Mfuate. Mwambie ukiwa umekaa naye, kabla hujala chake. Atakuchukia siku mbili, labda juma. Usipomwambia hatakuchukia, ataondoka tu, hata kama analala kitanda cha chini.

Na jana, mwanangu, ulinipitia kazini ukaniletea chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, na chapati ya mayai, jambo ambalo hujalifanya miaka mitatu. Ukanisifu mishono. Ukaniuliza habari za magoti. Kila ulipoinama kunywa, mkono wako ulikwenda kwenye mfuko wa shati.

Mimi siku hizi ni mdakaji wa akiba wa timu yako, mwenye miaka hamsini na mitatu. Ningekuwa wewe, nisingemwandika mtu kama mimi. Nimekwishajua, na chai yako niliinywa kwa moyo mweupe. Lakini Jumapili ya kusomwa majina iko mbali bado. Itoe hiyo karatasi uiweke hapa kati yetu, juu ya meza, unisomee majina yako kwa mdomo wako, na ufikapo mwisho unitazame.

Na Mungu akupe mkono usiosinzia, na jicho la kuwaona waliochuchumaa nyuma yako. Akupe watu wa kukuambia ukweli kabla ya chakula. Na siku jina lako litakapokosekana karatasini, maana siku hiyo ipo, akujalie mtu wa kuja kukuambia mapema, na ukimaliza kukimbia kote huku, akufikishe nyumbani.

Haya. Soma.